Nusu ya Ndama

Hapana, ndama sikumwita mimi. Alikuja na mwenyewe, mchana kweupe, kwa kamba, wakapita getini kama watu walioalikwa harusi. Hamjauliza bado, najua, ila macho yenu nayaona. Kila anayekaa kwenye hili benchi langu akanywa chai, akaangalia hizi sukuma wiki, mwisho ataniuliza, "Bibi, eti ni wewe ulimwita ndama?" Kwa hiyo mimi nimeanza na jibu kabisa. Swali mtalileta wenyewe chai ikipoa.

Ua wenyewe ndiyo huu. Ni nyumba ya mwanangu, hapa Katesh. Mimi ni mtu wa Bashay, kule Mbulu, kwenye vitunguu saumu. Shule sikwenda, nilichunga. Na ukichunga peke yako kutwa, unajifunza sauti za kila kitu: ndama, kunguru, baba akiwa na hasira. Ndiyo maana nikisema habari ya mtu lazima nimseme na sauti yake. Wengine wanasema ni dharau. Si dharau, ni kazi niliyosomea porini.

Katesh nililetwa na mguu. Nilianguka kule nyumbani nikienda kuchota maji, nikakaa hapohapo chini, kipindi cha baridi, mpaka akapita mtu na punda. Mume wangu alishatangulia, nyumba nzima ni mimi na kuku. Basi mwanangu akasikia, akaja. Yeye anafanya kazi halmashauri, na sauti yake imekuwa ya halmashauri, anaongea kama anasoma tangazo la chanjo:

"Mama. Kuanzia leo. Utakaa kwangu. Utapumzika."

Nikamwambia, "Kupumzika nitapumzika nikifa, baba. Huko kwako kuna udongo?"

"Mama. Kuna ua. Mkubwa tu."

Na mimi, kwa huu mdomo wangu, nikasimama mbele ya majirani wote na katekista, nikatangaza: nakwenda, lakini siku nikinyimwa udongo, siku hiyohiyo narudi Bashay na mguu wangu huuhuu. Watu wakapiga makofi. Mwanangu akakubali. Sasa, neno ukishalisema mbele ya watu wazima namna ile, utalimeza vipi? Mimi siwezi. Nikisema narudi, narudi hata kwa kutambaa.

Nikaja. Ua ulikuwa mkubwa kweli, ila mgumu, umekanyagwa na kufagiliwa mpaka unang'aa. Uzio wa minyaa pande zote, tanki la maji ya mvua kwenye kona, kamba ya kuanikia nguo katikati. Hata jani moja la kukuna jino hakuna. Nikaanza kuokota. Viroba vya mbolea, ndoo zilizotoboka, beseni lililopasuka, tairi, sufuria isiyo na kitako. Nikavipanga.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ni mwalimu, ametokea Tanga. Ana Kiswahili kitamu hicho, kinateleza kama mlenda. Akatoka nje asubuhi, mkono kiunoni:

"Mama jamaniii! Mie hapa naona jalala. Walimu wenzangu wakija nitawambia nini mie?"

Nikamjibu kwa sauti yake hiyohiyo, "Wambie, jamaniii, karibuni jalalani, vueni viatu."

Akanuna kidogo, halafu akacheka. Ndiyo uzuri wake, kununa hakumkai. Jioni akaniletea simu, akanionyesha watu wa kwingine wanavyopanda kwenye kiroba. Unachukua kopo lisilo na kitako, unalisimamisha katikati ya kiroba, unalijaza mawe madogo, pembeni unajaza udongo, halafu unalivuta kopo juu, unaweka mawe tena, mpaka kiroba kinajaa kikiwa na uti wa mgongo wa mawe. Maji ukimwaga juu yanashuka mpaka chini, hayabaki yanachezacheza. Nikaona ni kitu cha akili. Nikajaza viroba na yeye akinishikia kopo, na kucha zake zile nyekundu.

Maji sikutaka ya tanki, ya tanki ni ya kunywa. Nilichukua ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kuoga wajukuu. Maji ya dawa ya kung'arisha nguo ndiyo hapana. Nilimwagia mara moja kwa kutojua, mnavu ukageuka njano kama mgonjwa wa ini. Katikati ya mboga nikachomeka vitunguu saumu vya kwetu, wadudu wakisikia ile harufu wanakwenda kwa jirani.

Lakini ule udongo ulikuwa na njaa. Sukuma zilitoka nyembamba, zina huruma. Kinachotakiwa ni mbolea ya ng'ombe, na ng'ombe sina.

Sasa kwetu, ng'ombe si lazima awe wako ndiyo akulishe. Mtu mwenye wengi anakuwekea mmoja. Maziwa unakunywa wewe, mbolea unapeleka shambani kwako, ndama ni wa mwenyewe. Ila humuuzi, humchinji, humfanyi lolote mpaka mwenyewe aje aseme. Mwanangu huyu amekua kwa maziwa ya ng'ombe wa namna hiyo. Mwaka mmoja yule ng'ombe aliteleza kwenye mteremko akavunjika mguu, analia, na kisu kipo. Baba yake alikataa. Alimtuma huyuhuyu wa halmashauri, wakati huo hana hata suruali ndefu, akimbie mpaka Masieda kumwita mwenye ng'ombe. Alirudi jioni anatweta, na ng'ombe tumekaa naye tunamfukuzia nzi. Mpaka leo ukimkumbusha anashika magoti.

Basi. Nyuma ya uzio hapa anakaa bibi wa Kibarbaigi. Rika langu. Katokea Gendabi, na yeye kaletwa mjini na mwanawe, na yeye aliweka sharti. Mimi nilidai udongo, yeye alidai ng'ombe. Mwanawe akamjengea kazizi kadogo, akaja na ng'ombe mmoja mwenye ndama na mbuzi wachache. Amevaa bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, kabla hujamwona unamsikia. Na sauti yake nzito, maneno machache, kila neno analitupa chini kama gogo.

Siku ya kwanza alichungulia kwenye tundu la uzio.

"Wewe. Nafanya nini na gunia?"

"Nalima."

"Nalima gunia?" Akageuka kumwambia ng'ombe wake kwa lugha yao, nadhani ng'ombe naye alishangaa. Halafu akarudi. "Wambulu! Shamba ikiisha, nalima mfuko."

"Na nyie nyika ikiisha mnachunga stendi," nikamwambia.

Akacheka, he! he! he!, bangili zote zikacheka naye. Tukawa marafiki. Na yeye ananiiga, mjue. Lugha yetu sisi ina maneno yanatoka chini kabisa kwenye koo, basi akiniona tu ananifanyia hivyo, kama mtu aliyekwama na ugali. Hakuna mwingine aliyewahi kuniiga mimi. Nilifurahi kuliko siku ya ndoa.

Nikamwomba mbolea. Akanitazama.

"Mavi? Wewe nataka mavi?"

"Nayataka. Tena mengi."

"Kitu ya ng'ombe haitoki bure."

"Sawa, basi tugawane. Kitakachoota hapa kwenye huu ua, nusu yako."

Akafikiri. Akainama akang'oa majani mabichi pembeni ya uzio, akanipa mkononi. Nikayapokea kwa mikono miwili. Kwa wenzetu na kwetu sisi, hapo mmeshaelewana, majani mabichi ni ahadi, hayachezewi. Mkwe wangu alikuwa mlangoni anakunywa chai, akaona yote, akacheka: "Mama, mie hamnipi hata jani?"

Masika yote yale bibi aliniletea mbolea. Kila asubuhi bangili hizo, beseni kichwani, anamwaga, anaondoka bila neno. Mimi naichanganya na majivu na maganda, nafunika kwa gunia, naiacha ilale mpaka joto litoke, maana mbichi inaunguza. Halafu nikailaza kwenye viroba. Na ardhi yenyewe nikaichimbua, kuanzia kwenye tanki mpaka kule kwenye ukuta wa nyumba, nikaizika humo humo.

Jamani, udongo ulivyoitika! Sukuma majani kama masikio ya tembo. Mnavu, figiri, mchicha, maboga yakapanda uzio wa minyaa yakachungulia kwa jirani. Hatukununua tena mboga sokoni. Mkwe wangu akatumiwa nazi kutoka kwao, akapika mnavu wa nazi. Mimi nazi nilikuwa naona ni mafuta ya nywele. Nikala, nikalamba kidole, nikamwambia ni mbaya sana, niongezee nihakikishe. Na mwanangu anakula huku anatangaza:

"Mama. Mboga hii. Ni nzuri."

"Asante mheshimiwa," nasema mimi.

Nilimpelekea na yule bibi bakuli la sukuma zilizopikwa na maziwa. Akanusa. Akanirudishia kwa heshima, mkono wa kulia.

"Hii chakula ya mbuzi."

Hapo ndipo ningeelewa. Sikuelewa. Nilidhani nusu yake anatusamehe.

Masika yakaisha na matope yake. Mnayajua matope ya hapa, yanavuta kiatu kama ndama anavyovuta chuchu. Mkwe wangu kiatu chake cha kisigino kilibaki kwenye ua akatembea peku mpaka barabarani, na shule nzima inapita. Na mwezi uliokuwa unakuja, walimu wenzake wa kikundi ilikuwa zamu yao kukutana kwake. Yeye na mwanangu wakakaa chumbani wanaongea chini chini. Kesho yake mwanangu akanijia hapa kwenye benchi. Kakohoa kwanza.

"Mama. Tumefikiria. Habari ya mazingira. Tutaweka pevingi."

"Pevingi ndiyo nini?"

"Ni matofali ya sementi. Ua wote. Pawe safi."

"Na udongo?"

"Viroba viwili tutaacha. Pale kwenye kona."

Viroba viwili! Kama mtu anayekubakizia mifupa. Sikupiga kelele. Nilisema tu, "Sawa baba. Mkoba wangu uko chini ya kitanda." Akainamisha kichwa. Alikuwepo siku ile Bashay, alisikia nilivyotangaza, anajua mama yake.

Na mimi, niwaambie ukweli, sikutaka kwenda. Kule kuna nini? Nyumba ya baridi, njia ya maji iliyoniangusha, kuku wenyewe nilishawagawa. Hapa nina wajukuu, nina mnavu wa nazi, nina mtu wa kuniiga nyuma ya uzio. Usiku mguu ukiuma kuna mtu ananiletea maji ya moto. Lakini kukaa bila udongo, naletewa sahani, natoa sahani, hapana, huo ni ugeni, na mgeni akikaa sana anaanza kunuka. Na neno nilishalisema.

Mkwe wangu alikuja jikoni, macho mekundu. "Mama, mie sikufukuzi jamani. Mie nataka pakavu tu. Kaa."

"Kwenye sementi nitakaa nifanye nini, mwanangu, nitage?"

Hatukucheka.

Siku ya fundi ikafika. Kijana mchangamfu, penseli sikioni, futi mkononi, anaongea kama redio ya duka la nguo: "Shikamoo bibi! Bibi hapa patang'aa! Utaweka kiti chako hapa, unaota jua, unakunywa soda, wakikuuliza unasema fundi nani, mimi hapa!" Akaanza kupigilia vigingi na kuvuta kamba juu ya sukuma zangu. Mwanangu kasimama naye, haniangalii. Mimi niko hapa benchini nafunga mbegu za saumu kwenye kitenge, maana Bashay sitakwenda mikono mitupu.

Ndipo nikasikia bangili.

Geti likafunguka, akaingia bibi, na nyuma yake ndama. Kakua, kaacha kunyonya. Kiangazi kilishaingia, nyasi huko nje zimekwisha. Bibi akanisalimia mimi tu. Akasimama katikati, akaangalia tanki, akaangalia ukuta, akaangalia kamba ya nguo. Kamba ya nguo akaiona ndiyo mpaka. Akamwingiza ndama upande wa kule, akamlegezea kamba.

Ndama akashusha kichwa kwenye sukuma wiki. Krap. Krap. Krap.

"Mama weee!" mkwe wangu huyo, anatoka mbio na mwiko. "Bustani! Bustani inaliwa!"

Mwanangu naye, "Bibi. Samahani. Ng'ombe. Anakula. Mboga."

"Ndiyo," akasema bibi. "Nakula nusu yake."

Mimi hapo nikaelewa yote, kuanzia majani ya uzio mpaka lile bakuli lililorudi. Masika yote alikuwa ananiona mzee mwenzake anamlimia ndama! Na kwa nini asione hivyo? Kwao kijani ni cha mnyama. Aliniletea mbolea, mimi namwoteshea malisho, nusu yake, nusu yangu, na mbuzi wa kula nusu yangu nitawatafuta mwenyewe. Nikafungua mdomo nimwite, kikatoka kicheko tu. Nikashika benchi nisianguke.

Na mjue bibi alivyo mwaminifu. Ndama akinyoosha shingo kupita kamba ya nguo, anamchapa puani: "Hapo ya mama!" Hata jani moja la upande wangu hakugusa. Upande wake ndama akamaliza sukuma, akamaliza mchicha, akang'oa viroba akavilamba ndani. Akaacha saumu tu, zimesimama mstari, zinanuka.

Mkwe wangu akaangalia ile nusu iliyolambwa, akashusha mwiko. "Basi ndiyo imeisha yenyewe," akasema taratibu. "Fundi, endelea."

Fundi akaenda upande wa ndama, akapigilia kigingi. Bibi akamwangalia.

"Huyu nafanya nini?"

Mwanangu akasimama vizuri, sauti ya halmashauri: "Bibi. Tunaweka pevingi. Ua wote. Ni matofali ya sementi."

Bibi akanigeukia mimi. Nikamwambia, "Wanafunika udongo. Mimi kesho narudi Bashay."

Akachuchumaa. Ndama akaacha kutafuna, jani limetokeza pembeni ya mdomo. Bibi akaushika udongo kwa vidole, akaunusa kama alivyonusa lile bakuli langu, ila safari hii hakukunja pua. Halafu akamgeukia mwanangu akamwambia neno moja, na hilo neno ndilo lililomaliza kila kitu.

Niwaambie kwanza lilifanya nini, kwa sababu nikishalisema mtacheka na hamtanisikiliza tena. Mwanangu alitazama udongo, akatazama magoti yake. Machoni mwake nilimwona kama anakimbia tena kwenda Masieda kumwita mwenye ng'ombe. Akamwambia fundi, bila sauti ya halmashauri, sauti yake ya utoto, "Kunja futi, kaka. Hiki kitu kina mwenyewe." Mkwe wangu akakaa chini kwenye tairi, na nguo yake nzuri, akacheka mpaka machozi, halafu akaja akanifungulia kitenge cha mbegu kwa mkono wake. Fundi alirudi baadaye akaweka pevingi njia nyembamba tu, geti mpaka mlango, na walimu walipita hapo wakavu, wakala mnavu wa nazi, wakaondoka na mbegu. Vigingi vyake ndivyo hivyo maboga yamepandia. Na ule upande wa kamba ya nguo mpaka ukutani, ule mnaoona nimepanda viazi vitamu na matete peke yake, ule si wangu, msiuguse. Ndama anakuja jioni.

Neno lenyewe ni hili. Alinyoosha mkono wenye bangili, akaonyesha chini kwenye miguu ya mwanangu, akasema:

"Funika. Lakini hapo chini iko mavi ya ng'ombe yangu, masika mzima. Nitolee yote kwanza."